Homa ya mafua: mambo ya kuzingatia kabla ya kujifungua

Mtoto hapewi chanjo ya homa ya mafua mpaka atimize miezi 6, hivyo kinga yake ya mwanzo hutoka kwa mama, kupitia kondo la nyuma na baadaye maziwa. Shirika la Afya Duniani huwapa wajawazito kipaumbele, kwani moyo na mapafu yao hufanya kazi zaidi ya kawaida na ugonjwa huu huwalemea upesi. Chanjo ya sindano, yenye virusi visivyo hai, hutolewa mimba ikiwa na umri wowote. Ile ya kupuliziwa puani haimfai mjamzito.

Nchini Tanzania chanjo hii, tofauti na ya pepopunda, haimo katika zile za kawaida za kliniki ya wajawazito. Kwa hiyo mama aulizie tangu hudhurio la kwanza iwapo inapatikana katika hospitali za rufaa za mikoa yetu, Ligula (Mtwara) na Sokoine (Lindi), au hospitali binafsi, na kwa bei gani, hasa akiwa anatoka Newala au Liwale ambako nauli peke yake ni mzigo. Mwili huhitaji takriban wiki 2 kujenga kinga. Ahakikishe pia kuwa ni chanjo ya msimu uliopo, kwa sababu virusi hubadilika.

Linalonitia wasiwasi zaidi huku kwetu ni homa kupewa jina kabla ya kupimwa. Wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya unga ya salfa, kila kikohozi husingiziwa unga huo, na mvua zikianza kila homa huitwa malaria. Mjamzito mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo, na asipokutwa nayo asiondoke kabla ya kumweleza daktari habari za kikohozi na maumivu ya mwili, kwa kuwa dawa za virusi vya mafua hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Aspirini na ibuprofeni asijinunulie dukani. Akipumua kwa shida, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, awahishwe hospitali.

Kuhusu wageni, familia ikubaliane mapema kwamba mwenye mafua, hata akiwa shangazi, atatoa pongezi zake mlangoni. Atakayemhudumia mzazi siku 40 naye achanjwe ikiwezekana. Mama aliyeikosa chanjo akiwa mjamzito anaweza kuipata akinyonyesha. Akiugua, aendelee kunyonyesha, avae barakoa na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto. Akizidiwa, akamue maziwa, na mtu asiye mgonjwa amnyweshe mtoto kwa kikombe safi.