Jinsi ya kutengeneza programu yako ya maji kujaa na kupwa, kuanzia kwenye daftari mpaka meseji kwa shangazi

Kazi yangu ya mchana ni kuandika mifumo ya malipo, ila wikiendi ukinitafuta utanikuta Jambiani, Unguja, nachokoa pweza, na pweza ana saa zake, maji yakirudi yamerudi. Hii programu niliianza kwa ajili hiyo tu, saivi wanaitumia shangazi yangu na wenzake wanaolima mwani, basi nimeona niiandike hatua kwa hatua ili na wewe wa Tanga au Kilwa au Lamu utengeneze ya kwenu. Unahitaji kujua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, na mwezi mmoja wa subira.

Hatua ya 1: kaa na mtu anayehesabu mwezi, laptopu iache ndani

Usiruke hii, nakuomba. Shangazi hana jedwali lolote la maji, anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, siku mbili hivi baadaye ni bamvua, maji yanakupwa mbali kabisa saa nne na kitu asubuhi na yanajaa saa kumi na kitu jioni, mwezi ukiwa mpevu vilevile, na katikati hapo mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana. Andika yote daftarini kwa maneno yao wenyewe maana ndiyo utakayopimia programu yako baadaye.

Mimi niliruka. Toleo langu la kwanza lilichukua saa ya kupwa siku ya bamvua afu likaongeza dakika 50 kila siku, kwasababu siku ya mwezi, yaani mwezi kurudi pale pale juu yetu, ni saa 24 na dakika 50, hesabu ya wastani haina kosa. Siku ya nne programu ikaniambia maji yanakupwa saa saba na nusu mchana, nikashuka saa saba nikakutana na watu wanapanda na pweza wao mkononi, maji yalishakupwa toka saa sita na nusu yakaanza kurudi. Shangazi akaniambia, "Maji hayendi mwendo mmoja mwanangu, bamvua yanachelewa kidogo kidogo, mafu ndo yanachelewa sana." Nilirudi nyumbani na hiyo sentensi, na ukweli ndani yake ndo kila kitu kwenye hii kazi: hapa kuna mawimbi mawili makubwa yamepandana, la mwezi linalorudi kila saa 12 na dakika 25, na la jua linalorudi kila saa 12 kamili. Yakikutana pamoja ni bamvua, yakipingana ni maji mafu, na yanavyovutana ndivyo ile dakika 50 inavyokuwa 35 siku za bamvua na inaweza kupita saa nzima siku za mafu.

Hatua ya 2: pata vipimo vya siku 29 au zaidi

Kwanini 29? Wimbi la mwezi na la jua yanahitaji kama siku 15 ndo yaachane kwenye hesabu, na kuna wimbi la tatu linalotokana na mwezi kusogea karibu na kwenda mbali na dunia, hilo linataka siku 28.

Njia rahisi ni kushusha data za kila saa za Zanzibar au Mombasa kutoka kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii, ni bure. Ila kama unataka za kwenu, funga sensa ya kupima umbali kwa sauti kwenye nguzo ya gati, ielekee chini, isome kila dakika 10. Usiifunge kwenye ufuo unaokauka kama kwetu Jambiani, maji yakitoka yote sensa itakuwa inapima mchanga na hutajua kupwa kulikuwa saa ngapi. Mambo mawili ya kuangalia, kila mara soma mara thelathini hivi afu chukua namba ya katikati, siyo wastani, maana wimbi moja likipiga linaharibu wastani. La pili, mifano mingi ya kodi (maandishi ya programu) imeandikwa kwa kasi ya sauti ya mita 343 kwa sekunde, hiyo ni ya joto la nyuzi 20, sisi kwenye nyuzi 30 ni kama 349, na kwa umbali wa mita nne hapo unakosea sentimita saba. Muda andika kwa UTC, ile saa ya kimataifa, afu ongeza saa tatu mwishoni tu.

Hatua ya 3: hesabu yenyewe

Ni fupi kuliko unavyodhani. `t` ni saa zilizopita tangu siku utakayoichagua kuwa mwanzo, `kina` ni urefu wa maji, kwahiyo kama unatumia sensa, umbali iliosoma utoe kwenye urefu wa sensa kutoka chini.

```
import numpy as np
kasi = [28.9841042, 30.0, 28.4397295,
        15.0410686, 13.9430356]

def safu(t):
    s = [np.ones(len(t))]
    for k in kasi:
        w = np.radians(k)
        s += [np.cos(w*t), np.sin(w*t)]
    return np.column_stack(s)

jibu = np.linalg.lstsq(safu(t), kina, rcond=None)[0]
kesho = safu(t_kesho) @ jibu
```

Hizo namba tano ni nyuzi za duara kwa saa, ya kwanza ni wimbi la mwezi, ya pili jua, ya tatu ni lile la mwezi kukaribia, mbili za mwisho ni mawimbi ya mara moja kwa siku ambayo kwetu ni madogo ila yanafanya kupwa kwa asubuhi kusilingane na kwa usiku. Hazibadiliki popote duniani, kinachobadilika ni `jibu`, na hilo ndo la pwani yako peke yako. Mwaka 1872 mwanafizikia William Thomson wa Uingereza alibuni mashine ya magurudumu na kamba kufanya kujumlisha huku huku, kila gurudumu na wimbi lake, mimi nikiiendesha kwenye simu bado nashangaa.

`t_kesho` lazima ihesabiwe kutoka mwanzo ule ule. Hilo kosa litakupotezea jioni nzima na kodi haitakupa erori yoyote.

Hatua ya 4: tafuta saa ya kupwa, uiandike Kiswahili

Tengeneza `kesho` kwa kila dakika, tafuta pale ambapo namba iko chini kuliko ya kabla na ya baada. Afu saa ziwe za kwetu: toa sita, gawa kwa 12 chukua baki, ikiwa sifuri andika 12. Usimpelekee mtu "10:20" wakati yeye anaijua saa nne na dakika ishirini, atakuwa anatafsiri kila siku na siku moja atakosea.

Hatua ya 5: ifike kwa mtu

Shangazi ana kiswaswadu kwahiyo ni meseji, isizidi herufi 160: "Jpili maji yanakupwa saa 4:20 asb, bamvua". Wenzake walitaka karatasi ya mwezi mzima, naiprinti inabandikwa bandani wanakokaushia mwani.

Hatua ya 6: linganisha na lile daftari, afu tafuta alama ya mwamba wako

Mwezi mzima andika saa ya programu na saa uliyoona kwa macho. Dakika kumi kumi ni sawa, kusi likivuma sana itapotea kidogo na hilo halimo kwenye hesabu. Rudia hatua ya 3 kila mwaka kwa data mpya, mawimbi haya yanabadilika taratibu kwa mzunguko wa miaka 18.6. Na tafadhali usimpe nahodha aingilie nayo bandarini, hii ni ya watu wa miguu.

Mwisho, siku mwamba unapoanza kuonekana angalia saa, soma `kesho` ilikuwa ngapi dakika hiyo, hiyo ndo alama yako. Nilipoiweka yangu programu ikaanza kuniambia mwamba unatoka saa ngapi na unafunikwa saa ngapi, na nikampelekea shangazi za shamba lake, akasoma akauliza kama naweza kuweka na za shamba la jirani.