Kabla ya Kuongeza Taa ya Tatu ya Breki Kwenye Gari la Zamani: Mambo ya Kuzingatia

Gari lililotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 kwa kawaida lina taa mbili tu za breki, moja kila upande, chini karibu na bampa. Marekani ililazimisha taa ya tatu, ile ya juu katikati, kwa magari madogo yaliyoundwa kuanzia Septemba 1985, na pikapu na magari mengine mepesi yakafuata Septemba 1993. Ulaya ilifika huko mwaka 1998 kwa aina mpya za magari, na Japani, ambako magari yetu mengi ya Afrika Mashariki hutoka, ilichelewa hadi 2006. Ndiyo maana si ajabu kukuta Corolla ya miaka ya 1990 iliyoletwa kutoka Japani haina taa hiyo, ilhali nyingine ya umri uleule iliyouzwa Marekani inayo. Kuiongeza ni kazi ya saa chache kwa mtu aliyezoea koleo na waya, lakini makosa mengi ya kazi hii huanza kabla waya wa kwanza haujakatwa, wakati mwenye gari anapodhani kwamba kinachohitajika ni kununua taa na kutafuta pa kuibandika.

Kabla ya yote, taa mbili zilizopo lazima ziwe nzima, kwa sababu taa ya tatu ni nyongeza wala si mbadala wa iliyokufa. Washa taa ndogo za nyuma, kisha mtu mwingine akanyage breki wakati wewe umesimama nyuma ya gari. Kila upande mwanga unapaswa kuongezeka waziwazi, kwa kuwa balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 wa taa ndogo na mwingine wa wati 21 wa breki. Ikiwa breki inapokanyagwa taa ndogo za upande mmoja hufifia, au indiketa huwaka kidogo pasipo kuwashwa, tatizo karibu daima ni athi: umeme umekosa njia nzuri ya kurudi kwenye bodi, hivyo unarudi kwa kupitia uzi wa balbu nyingine. Kwenye magari yaliyoishi pwani, ambako chumvi ya hewa hula kila palipofungwa skrubu, ugonjwa huu ni wa kawaida mno. Safisha hapo kwanza kwa msasa, kaza upya, ukague na soketi za balbu, kwa sababu taa mpya ikiungwa kwenye mfumo wenye athi mbovu itaurithi ugonjwa huo, na utailaumu taa bure.

Baada ya hapo linakuja jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote, nalo ni kuujua waya wa breki kwa hakika. Usiufuate kwa rangi peke yake, kwa sababu gari la miaka thelathini limepitia mikono ya mafundi wengi, na kila fundi aliunga kwa waya aliokuwa nao siku hiyo. Chukua testa ya taa au mita, bana upande mmoja kwenye chuma safi cha bodi, kisha gusa nyaya za nyuma mmoja mmoja. Unaoutafuta ni ule unaopata umeme breki inapokanyagwa na kuupoteza mguu unapotoka, haidhuru taa ndogo zimewashwa au zimezimwa. Jaribu hali zote: breki peke yake, taa ndogo peke yake, indiketa ya kushoto, ya kulia, na gia ya kurudi nyuma. Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kumwachia fundi gari langu nikiwa na haraka, naye akaunga taa kwenye waya wa taa ndogo. Nikatembea wiki nzima kila usiku taa nyekundu ya juu ikiwaka mfululizo, na waliokuwa nyuma yangu hawakuwa na namna ya kujua ni wakati gani nilikuwa nimeshika breki kweli.

Magari mengi ya zamani ya Kimarekani yana mtego wa pekee. Ndani yake balbu moja nyekundu hufanya kazi ya breki na ya indiketa pamoja, na nyaya za nyuma hupitia kwanza kwenye swichi ya indiketa iliyo kwenye usukani. Ukiunga taa ya tatu upande mmoja tu, itapepesa kila unapokata kona upande huo, na ukiziunga pande zote mbili kwa pamoja, indiketa ya kulia na ya kushoto zitapepesa kwa wakati mmoja. Tiba yake ni kuvuta waya mpya kutoka kwenye swichi ya breki iliyo juu ya pedali, upande unaotoka kwenda kwenye taa, kabla umeme haujafika kwenye usukani. Ni kazi ndefu zaidi, maana waya utapita chini ya zulia hadi nyuma, kwa hiyo urefu wake upimwe mapema.

Taa yenyewe ichaguliwe kwa kuangalia mfumo wa umeme, siyo kwa urembo. Balbu mbili za wati 21 kwenye betri ya volti 12 huvuta takriban ampea 3.5, na ukiongeza ya tatu kama hizo unafika ampea 5.25. Fyuzi ya ampea 10 au 15 huvumilia hilo bila shida, ila swichi ya pedali iliyochakaa inaweza isivumilie, na baadhi ya magari ya Ulaya ya miaka ya 1980 yana kifaa kinachopima balbu na kuwasha onyo kwenye dashibodi mzigo ukibadilika. Taa ya LED ya wati 3 huongeza robo ampea tu. Isitoshe, uzi wa balbu ya kawaida huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ili kufikia mwanga wake kamili, ilhali LED huwaka papo hapo, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa tofauti hiyo ni zaidi ya mita 4 za barabara. Mimi ningechukua LED bila kusita, ila kwa masharti mawili. La kwanza ni volti: Volkswagen Beetle za mwanzoni mwa miaka ya 1960 hutumia volti 6, na taa ya volti 12 humo haitawaka inavyopaswa. La pili ni mwelekeo wa umeme, maana LED haiwaki nyaya zikigeuzwa, na Morris Minor na Land Rover za miaka ya 1950 zina chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Kwenye gari la namna hiyo, waya unaouita wa athi ndio chanya.

Taa iwe nyekundu na iwake bila kupepesa. Zinauzwa nyingi zinazometameta kama za sherehe, na wapo wanaoiunga iwake pia na taa ndogo ili gari lipendeze usiku. Faida ya taa hii inatokana na kwamba haina kazi nyingine: ikiwaka pale juu, maana yake ni moja tu. Tathmini ya Marekani ya mwaka 1998 ilikadiria kwamba hupunguza ajali za kugongwa kwa nyuma kwa asilimia 4.3, kiasi kidogo lakini kwa kifaa cha bei ndogo, na sioni sababu ya kukipunguza zaidi kwa mapambo.

Mahali pa kuifunga pawe kwenye mstari wa katikati ya gari na juu ya usawa wa zile mbili, ili dereva wa gari la tatu aione kupitia vioo vya gari lililo kati yenu. Ikiwa itakaa ndani ya kioo cha nyuma, angalia kwanza kama kioo kimetiwa tinti, kwa kuwa tinti nzito huimeza taa mchana. Angalia pia mistari ya kupashia kioo joto, kwani gundi ikibandikwa juu yake na baadaye kubanduliwa hung'oa mistari hiyo. Usitegemee tepu yenye gundi peke yake kwenye gari linaloshinda juani; skrubu mbili kwenye kibao cha nyuma ya kiti hudumu zaidi. Taa izibwe kwa raba pembeni ili mwanga wake usirudi kwenye kioo na kumpiga dereva machoni kila anapotazama nyuma.

Kwa pikapu na magari yenye mlango wa nyuma wa kuinua, fikiria njia ya waya kabla ya kutoboa chochote. Waya upite ndani ya mpira wa bawaba pamoja na nyaya nyingine, uachiwe ulegevu wa kutosha mlango ukiwa wazi kabisa, na kila tundu la chuma litiwe raba, kwa sababu ukingo wa bati hukata ngozi ya waya taratibu hadi fyuzi iungue safarini. Paka rangi kwenye tundu jipya kabla ya kuweka raba, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Mwisho ni vifaa na wakati. Andaa waya wa milimita mraba 0.75 au 1, risasi ya kulehemu au viungio vya kubana pamoja na mpira wa kufunika, na fyuzi mbili za akiba. Vile viungio vya plastiki vinavyouma waya bila kuumenya ni rahisi kufunga, lakini huingiza unyevu ndani ya shaba, nami siviwekei imani. Chomoa fyuzi ya taa za breki kabla ya kukata, maana kwenye magari mengi saketi hiyo ina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kazi ifanyike siku ambayo gari halihitajiki, ianze asubuhi, na awepo mtu wa kukanyaga pedali. Akikosekana, fimbo iliyokazwa kati ya kiti na pedali itatosha.