Ulikeketwa zamani na bado unaumwa? La kufanya ukiwa Uingereza

Likizo moja tulikuwa Michenzani, Unguja, kwa mama, choo kimoja watu wanane, wifi yangu akiingia hatoki, dakika 15, dakika 20, watoto wanagonga mlango. Mama anasema huyu ana chango atafutiwe dawa. Mie kimya, najua si chango, maji yanamtoka tone tone kwa sababu alikeketwa akashonwa Garissa, Kenya, akiwa mtoto, na wakati ule, miaka yote tuliyoishi Uingereza, alikuwa hajamwambia daktari hata mmoja. Kaniruhusu niandike.

Kwetu Unguja na Pemba hii si mila ya watu wengi, ndo maana hata masomo zetu, wale wanaotufunda, wanaiita chango tu, lakini tumeoa na kuolewa bara na Kenya na Somalia, kwa hiyo shida imo majumbani mwetu.

Hedhi inayokulaza chini, yutiai (UTI, maambukizi ya njia ya mkojo) isiyokwisha, tendo la ndoa linauma, kivimbe kinachokua taratibu kwenye kovu, usivizoee hivyo jamani, vina matibabu. Nenda kwa jipii (GP) wako, yaani daktari wako wa mtaani, useme wazi nilifanyiwa FGM, ndo ukeketaji kwa Kiingereza, neno hilo wanalijua wote, usiseme tu tumbo linaniuma maana utarudishwa na antibayotiki kila mara na hakuna atakayekuangalia. Omba daktari au nesi mwanamke, omba na mkalimani, ni bure, na usimchukue mtoto wako akakutafsirie mambo haya. Zipo kliniki za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, khasa za FGM, nyingine unapiga simu mwenyewe bila barua ya jipii. Na kama huna makaratasi, England matibabu ya madhara ya FGM hayalipishwi, mradi hukusafiri kwenda kule kwa ajili ya matibabu hayo.

Walioshonwa hufunguliwa, mara nyingi kwa ganzi ya pale pale na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kivimbe kikisumbua kinatolewa. Wifi baada ya kufunguliwa alinipigia simu yuko chooni analia, maji yametoka kwa kishindo akadhani wamemharibu, kumbe ndo yanavyotakiwa yatoke, hakuna aliyemwambia kabla, basi mie nakwambia wewe.

Wengi wanaogopa polisi. Mtu mzima hukamatwi kwa kukeketwa, wewe ndiye uliyeumizwa. Hospitali watakuuliza kama una mabinti, na msichana wa chini ya miaka 18 akigundulika amekeketwa, daktari, nesi au mkunga anatakiwa aripoti polisi, ni sheria England na Wales tangu 2015.

Ukiwa na mimba mwambie mkunga siku ya mwanzo kabisa, usingoje leba, ili wapange kukufungua mapema. Na zungumza na mume kabla, maana wapo wanaotaka mke arudishiwe kushonwa baada ya kuzaa, na hilo Uingereza ni kosa la jinai, hakuna daktari atakayekubali.