Kabla hujafungua gereji: mambo ya kuzingatia kwa fundi anayeanza kujitegemea

Hapa Dar es Salaam nimewaona mafundi wengi wakiaga kwa mabosi wao kwenda kufungua gereji zao. Wapo waliokuwa na mikono mizuri kuliko mimi, na baadaye nikawaona wakirudi kuomba kazi. Ufundi wanao tangu zamani. Kilichowaangusha ni mambo yanayozunguka ufundi, na hayo hakuna aliyewafundisha. Kama umeshaweka akiba na macho yako yako kwenye uwanja fulani, soma kwanza, kodi utalipa kesho.

Makaratasi yamalize mapema. TIN, yaani namba ya mlipakodi, unapata TRA bila malipo, jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni ya biashara unaifuata kwenye halmashauri yako. Usingoje mgambo waje kukukumbusha huku mteja amesimama anatazama.

Uwanja usiukodi kwa sababu tu uko kando ya barabara kubwa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mwenye uwanja hatakwambia hilo. Atachukua kodi ya miezi sita au mwaka, na siku banda lako linapowekwa alama ya X nyekundu ya kubomolewa, simu yake haipatikani. Nenda serikali ya mtaa, uliza, tafuta nguzo za mipaka, ikibidi pima kwa futi yako mwenyewe. Angalia pia maji ya mvua yanaelekea wapi. Uwanja uliokauka Januari unaweza kuwa bwawa ikifika Aprili, na gari la mteja likiingia maji mpaka kwenye viti, mwenye kulijibia ni wewe.

Umeme: kama unataka kompresa kubwa na mashine ya kuchomelea, uliza kabla kama hapo kuna umeme wa njia tatu. Kuuvuta baadaye ni gharama nyingine.

Vifaa nunua vichache vya uhakika. Seti ya spana na soketi za chuma kizuri, jeki, mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, na stendi nne. Kuhusu stendi sitaki mjadala. Usimruhusu mtu yeyote kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekewa matofali. Tofali la saruji halitoi onyo, linapasuka tu mara moja.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu mimi. Usishike gari hata nati moja kabla hujaandika gari hilo ni lipi, limekuja na hali gani, na limeletwa kufanywa nini.

Mwaka wa tatu wa gereji yangu, mama mmoja mwalimu alileta Nissan X-Trail kwa sevisi ya kawaida: oili ya injini, filta, plagi. Akaongeza kwamba tangu alinunue, oili ya giaboksi haijabadilishwa. Siku hiyo nilikuwa na magari sita uwanjani na nilijiona nimefika. Nikamwambia kijana wangu kwa mdomo tu, "Mwaga na ya giaboksi," nikapanda bodaboda kwenda mtaa wa Gerezani kutafuta spea za gari jingine.

Kijana yule hakuwa mzembe. X-Trail alishazifanya nyingi, ila zote zilikuwa T30, zile za mwanzo zilizotoka kabla ya 2007, zenye giaboksi ya oto ya kawaida ya gia nne inayotumia ATF, oili ya giaboksi za oto za kawaida. La mwalimu lilikuwa T31. Kwa nje magari hayo mawili yanafanana, yote yana umbo lile la sanduku, lakini hii T31 ya petroli ina giaboksi ya CVT, na oili yake ni NS-2. Kijana akamimina ATF nyekundu, ileile tuliyozoea.

Kama hujawahi kuifungua CVT, elewa tofauti yake. Ndani hamna gia zinazobadilishana. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Chuma kinashika chuma, na oili yake imetengenezwa ili kulainisha na wakati huohuo kuruhusu ule mkanda ushike bila kuteleza. ATF ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya giaboksi yenye sahani za klachi. Ukiiweka kwenye CVT, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na unga wa chuma unasambaa kila mahali.

Baada ya kama wiki moja simu ikaja. "Fundi, gari likiondoka kwenye taa linatetemeka. Nikipanda kilima, injini inanguruma lakini gari haliendi." Tulipofungua sampo, lile beseni la oili chini ya giaboksi, zile sumaku za chini zilikuwa zimevaa unga wa chuma kama sufi. Nikamuuliza kijana aliweka oili gani. Akanionyesha galoni. Nikakaa chini palepale kwenye tairi.

Je, lile giaboksi lilikuja likiwa na dalili tayari? Huenda. Lilikuwa limetembea muda mrefu na oili ya zamani. Lakini lilikuja na kilomita ngapi? Sikuwa nimeandika. Nililiendesha kabla ya kulipokea? Hapana. Mwalimu alisema aliniletea gari zima, nami sikuwa na karatasi hata moja ya kusema vinginevyo. Na kosa la oili lilikuwa letu, halikuwa na wa kumsukumia. Niliuza kompresa, nikakopa kwa shemeji, nikaenda Ilala kutafuta giaboksi iliyotumika kutoka Japani. Kumbe na CVT huifungi ukaondoka; kompyuta yake inatakiwa ilinganishwe na giaboksi mpya, na mtu wa kuifanya kazi hiyo naye nikamlipa. Wiki tatu mama wa watu alikuwa anagombania daladala alfajiri pamoja na watoto wake wawili. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kompresa.

Tangu hapo hakuna gari linaloingia bila kadi. Ni karatasi ya kawaida, nakala mbili, moja ya mteja na moja yangu. Juu kuna jina na simu, namba ya gari, namba ya chesisi na aina ya giaboksi. Hiyo namba ya chesisi usiiruke, maana ndiyo inayokwambia gari ni T30 au T31. Toyota IST nazo ni hivyohivyo: zile za mwanzo zina oto ya kawaida, zilizokuja kuanzia 2007 zina CVT. Jina la nyuma ya gari halitoshi kabisa. Kisha kilomita, mafuta yaliyomo, taa zipi zinawaka kwenye dashibodi, mikwaruzo iko wapi, na kama tairi la akiba, jeki na redio vipo. Piga picha pande zote nne mbele ya mteja. Halafu panda naye, yeye akiendesha, mzunguko mfupi tu. Atakwambia mambo ambayo asingeyasema amesimama uwanjani. Mwisho andika kazi uliyoagizwa, na chini yake andika aina ya oili itakayotumika, si "oili ya giaboksi" tu. Mteja asaini. Msaidizi wa fundi asome kadi kwa sauti kabla ya kufungua nati ya sampo. Vijana wangu mwanzoni walilalamika kwamba ni kupoteza muda. Dakika kumi.

Kadi hizohizo ndizo zilizonikuzia biashara, jambo ambalo sikulitegemea. Najua nani amebakiza kilomita ngapi kufikia sevisi, nampigia simu kabla hajasahau. Najua gari gani nililiambia brek pedi zake zimekaribia kwisha. Mteja akisikia unakumbuka gari lake, anamleta na shemeji yake.

Pesa ya spea si pesa yako. Mteja akikutumia laki tatu za shokapu, hizo ni shokapu ambazo hazijafika. Weka kwenye laini tofauti, nunua, mpe risiti na spea ya zamani aione kwa macho yake. Gereji nyingi hufa hapa: pesa ya gari la Jumatatu inanunua spea za gari la Ijumaa iliyopita, mpaka siku moja magari yanakuwa mengi kuliko pesa. Na spea nunua kwenye duka litakalokubali urudishe. Filta za oili za bandia zipo tele, unaifungua unakuta karatasi nyepesi kama ya daftari.

Kukua usikimbilie. Kabla hujaongeza uwanja wa pili, ongeza fundi wa pili unayeweza kumwachia funguo ukalala. Mimi nilianza kuchukua vijana wa VETA wakiwa mafunzoni, nikawatazama mwaka mzima wanavyofanya kazi nisipokuwepo. Kazi za rangi na kunyoosha bodi nawapa majirani wanaozijua, nachukua kidogo changu, simdanganyi mteja kwamba ni mimi.

Oili chafu usimwage mtaroni. Weka pipa lenye mfuniko, iuze kwa wanaozikusanya, na wafundishe vijana kunawa kabla ya kula, maana oili iliyotumika ina vitu vibaya kwa ngozi na kwa tumbo.

Anayekwenda kujaribu gari barabarani awe na leseni yake, daraja D, siyo "najua kuendesha". Uliza na bima ya gari imeisha lini, iandike kwenye kadi. Usifungue rejeta ya moto kumridhisha mteja mwenye haraka. Toa waya wa betri kabla ya kuchomelea kwenye gari lenye kompyuta. Usimkopeshe kazi jirani kwa sababu ni jirani, na ukimkopesha, andika. Mlinzi mlipe vizuri. Funguo za wateja zikae kwenye kabati moja lenye kufuli, na ufunguo wa kabati hilo ukae mfukoni mwako.