SOMO: Kompyuta ya mezani ya zamani imekosa draiva? Anza na namba ya kifaa

Wakuu, wiki hii nimeulizwa faraghani mara nne: "Nimepiga Windows upya, sasa sauti hakuna, mtandao hakuna, maandishi yamevimba kioo kizima." Kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Naandika hapa mara moja, kila mtu asome.

Hatua ya 1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Itafunguka Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta yako.

Hatua ya 2. Kila kifaa chenye alama ya mshangao ya njano, kipige picha kwa simu.

Hatua ya 3. Soma namba ya kifaa. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo someni taratibu. Bofya kulia kwenye kifaa, ingia Properties, kisha Details, na kwenye orodha uchague Hardware Ids. Utaona mstari wa namna hii: PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Tarakimu nne baada ya VEN ni mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Nne baada ya DEV ndizo kifaa chenyewe. Ukijua VEN bila DEV umejua ukoo, mtu bado hujamjua.

Mimi niliona 10DE nikaishia hapo. Nikachukua draiva ya kadi ya NVIDIA ya kizazi kingine, nikailazimisha. Windows ikanionya kwamba haiwezi kuthibitisha kama draiva ile inaendana na kifaa, nikabofya Yes. Nilipowasha upya, nembo ikatokea, kisha kioo kikawa cheusi tii. Feni inazunguka, mlio wa kuingia nausikia, taa ya Caps Lock inawaka na kuzima nikiibonyeza. Mashine ilikuwa hai, picha tu ndiyo haikuwepo. Usiku kucha nilikuwa nachomoa RAM na kuzisugua, kumbe dawa ilikuwa kuingia Safe Mode (Windows ikiwaka na draiva za msingi tu) na kuiondoa ile draiva. Kwa hiyo:
- Onyo la kutoendana likitokea, ghairi.
- Kabla ya kugusa draiva ya picha, tengeneza restore point, yaani alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa.
- Kioo kikiwa cheusi na taa ya Caps Lock inaitika, shuku draiva kabla ya kufungua kasha.

Hatua ya 4. Pakua kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta au madabodi (ubao mkuu wa ndani). Ukikosa, nenda kwa mwenye chipu. Angalia biti: Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32. Zile programu zinazoahidi kuleta draiva zote kwa mbofyo mmoja achaneni nazo. Nyingi huingia na mizigo ambayo hukuiomba, na nyingine hukuwekea draiva isiyo yako.

Hatua ya 5. Chipseti (chipu za madabodi zinazounganisha vifaa) kwanza, kisha mtandao, picha, sauti. Washa upya kila moja inapomaliza.

Hatua ya 6. Kwenye Windows 10, ukishakamilisha tengeneza folda D:\draiva, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika: dism /online /export-driver /destination:D:\draiva. Siku ukipiga Windows tena hutahangaika.

MASWALI

Mpita Njia: Mkuu yangu haina sauti, nitupie linki.

Jibu: Linki ya nini? Hujataja Windows, biti wala namba. Hatua ya 3.

Mpita Njia: Si useme tu, ni ile Pentium ya kasha jeusi.

Jibu: Siwezi kubahatisha na mashine yako. Kasha linaweza kuwa limebadilishiwa madabodi ndani. Leta namba.

Kiu ya Maarifa: Yangu ni VEN_14E4, kadi ya mtandao yenyewe. Sasa draiva naipakuaje bila mtandao?

Jibu: Swali zuri, na asante kwa kuleta namba. 14E4 ni Broadcom. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, kisha kwenye simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Kwa kawaida Windows huitambua simu kama kadi ya mtandao. La sivyo, pakua kwenye kompyuta nyingine ulete kwa flashi. Kama ni Windows 7, chomeka flashi kwenye tundu la USB 2.0, si lile la buluu, maana Windows 7 haikuja na draiva ya USB 3.0.

Kiu ya Maarifa: Imekubali! Ila kifaa kingine kinasema Code 10, wakati hiki kilisema Code 28.

Jibu: 28 ni kwamba draiva haipo. 10 ni kifaa kushindwa kuanza: draiva haifai, au kifaa kibovu. Washa Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, fungua Terminal, andika lspci -nnk. Itakuonyesha namba na draiva inayotumika. Kifaa kikifanya kazi huko, ni kizima, badilisha draiva.

Fundi Mwanafunzi: Yangu tarehe inarudi 2009 kila nikichomoa umeme, na tovuti za draiva zinakataa kufunguka.

Jibu: Betri ya madabodi imekwisha, kwa kawaida ni CR2032. Tarehe ikiwa mbovu, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana batili. Kabla ya kuitoa, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka) upige picha mpangilio wa SATA, yaani namna diski inavyounganishwa, kama ni AHCI au IDE. Mpangilio huo ukibadilika baada ya kutoa betri, Windows inaweza kugoma kuwaka.