Namna ya Kuwanoa Wakufunzi wa Majokofu na Viyoyozi Katika Utunzaji wa Gesi

Mkufunzi aliyezoea kufungua valvu na kuiachia gesi ya kiyoyozi hewani huwarithisha wanafunzi wake tabia hiyo, hata kama ubaoni ameandika kinyume chake. Kwa hiyo mafunzo ya walimu wa VETA na wa vyuo vingine vya ufundi hayana budi kutumia muda mwingi karakanani kuliko darasani.

Kwa nadharia, asubuhi moja yatosha. Waelezwe kwamba Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ililenga gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na kwamba Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yaliongeza gesi kama R-134a na R-410A, ambazo haziidhuru ozoni lakini hunasa joto kupita kiasi. Kilo moja ya R-410A ikiachiwa, athari yake katika miaka 100 hulingana na ya takriban tani mbili za kabonidayoksaidi.

Zoezi la kwanza liwe la kuvuna gesi, yaani kuinyonya kutoka kiyoyozini na kuihifadhi mtungini. Mpe kila mkufunzi kiyoyozi cha zamani, mashine ya kuvunia, mtungi mtupu na mizani, kisha apime mtungi kabla na baada ya kazi. Tuseme kibao cha kiyoyozi kinaonyesha kwamba hujazwa gramu 800, na mizani inaonyesha mtungi umeongezeka 560 tu: gramu 240 zimekwenda wapi? Asiruhusiwe kujaza gesi mpya mpaka apate tundu, kwa povu la sabuni na naitrojeni kavu, kamwe si oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka. Akishaziba, avute ombwe, yaani anyonye hewa na unyevu vilivyomo ndani ya mfumo, hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha ombwe), afunge pampu, na asubiri aone kama kipimo kinapanda. Hapa ndipo wazoefu hukosa subira, kwa kuwa miaka yote wamepima ombwe kwa kuangalia saa ya mkononi.

Siku inayohitaji msimamizi mkali ni ya R-290, yaani propani. Gesi hii haidhuru ozoni na joto inalonasa ni kidogo sana, ila inawaka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama sakafuni. Kwa sababu hiyo kigunduzi kiwekwe chini, milango iachwe wazi na swichi zenye cheche ziwe mbali. Bomba likatwe kwa kikata bomba. Moto wa kulehemu usiwashwe kabla mfumo haujatolewa gesi na kupitishwa naitrojeni. Kiasi kinachojazwa kwa kawaida hakifiki nusu ya kile cha R-22, gesi ya viyoyozi vya zamani, hivyo fundi anayejaza kwa kutazama geji tu atazidisha. Nasisitiza pia kwamba propani isitiwe katika kiyoyozi kilichoundwa kwa R-22, hata mteja akisihi vipi.

Upimaji wa mwisho usiwe wa karatasi. Kila mkufunzi afundishe kazi moja kwa dakika 20, wenzake wakijifanya wanafunzi, mmoja wao akiagizwa kwa siri afanye kosa, kwa mfano kujaza mtungi wa kuvunia kupita asilimia 80, ili ionekane kama mwalimu atalibaini.

Kabla hawajaondoka, kila mmoja aorodheshe vifaa ambavyo chuo chake hakina na aeleze atakakopeleka mitungi ya gesi iliyochanganyika, ambayo haifai kurudishwa kwenye mashine yoyote na ambayo, isipobandikwa lebo siku hiyohiyo, kesho hakuna atakayejua ndani mna nini.