The Caliph: mmalizie moto wake kwanza

Ukimwona The Caliph kwenye orodha ya wapinzani wa Stronghold Crusader, usimchukulie kama The Rat, ambaye hata dogo wa darasa la nne anamtoa kabla chai haijapoa. Mimi huucheza huo mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome na kupigana, wa Firefly Studios wa mwaka 2002, kwenye kompyuta ya dukani tunapotolea kopi, jioni wateja wakishapungua. Kompyuta imechoka lakini mchezo wenyewe mwepesi. Huyu bwana pale dukani tunamwita Khalifa. Saladin, mpinzani mwingine wa kwenye mchezo, ana mwenzake wa kweli, sultani aliyeutwaa Yerusalemu mwaka 1187. Khalifa ni wa kutungwa, na huenda ndiyo maana wakamtunga mkorofi hivyo.

Silaha yake ni moto. Utaona watumwa wake wanakuja mbio na mienge, na wala hawana shida na askari wako. Wanakwenda mashambani. Kwenye ramani za jangwa shamba halijengwi popote, ni pale penye majani mabichi tu, na pale mara nyingi pako nje ya ukuta. Nilipokutana naye mara ya kwanza nilikuwa nimebananisha mashamba ya ngano, kinu na viwanda vya mikate kama vibanda vya sokoni. Mtumwa mmoja aliponyoka. Moto ukaruka jengo hadi jengo, ghala likaisha mikate, raia wakaanza kuhama, nami nikabaki natazama kodi inavyoyeyuka.

Kwa hiyo, kabla hujawaza kushambulia, jenga kambi ya mamluki uajiri wapiga mishale wa Kiarabu watano au sita. Kila mmoja ni dhahabu 75, na hahitaji upinde kutoka karakana. Wasimamishe kando ya mashamba. Ukiwaweka ukutani watabaki kutazama moshi. Mtumwa hana deraya, mishale michache tu yuko chini. Acha nafasi kati ya jengo na jengo, weka na kisima karibu na mikate. Ukishafanya hivyo, uvamizi wake mdogomdogo unakuwa kero tu.

Kazi yenyewe iko kwake. Ngome yake imezungukwa na mitaro ya lami. Niliwahi kupeleka wapiga panga 30 wa Kiarabu kwa mkupuo, dhahabu 80 kila mmoja, yaani 2,400. Walipofika katikati ya lami, mshale mmoja wa moto ukaruka kutoka ukutani. Sikurudi na hata mmoja.

Sasa angalia bei ya mtumwa: dhahabu 5. Nunua 20, ni 100 tu. Wagawe wannewanne, upeleke kundi moja moja kwa kuachanisha, wote upande uleule unaotaka kuingilia. Kompyuta inayomchezesha Khalifa haijui kubana matumizi. Ikiona adui kwenye lami inawasha, awe mpiga panga au mtumwa wa bei ya pipi. Kila kundi linamgharimu mtaro, wewe linakugharimu 20. Subiri moto uzime kabisa kabla ya kutuma kundi linalofuata, maana ukiwarundika wataungua pamoja kwenye kipande kimoja, na lami ya mbele itabaki inakusubiri. Kundi likifika ukutani bila kuwashiwa, njia imefunguka.

Hapo usimpe muda, ataichimba mitaro upya. Manati mawili yawe tayari nyuma, yote yapige sehemu moja ya ukuta, mkabala na njia uliyoisafisha. Ukuta ukianguka, wapiga panga waingie kwa mstari huohuo, wasitawanyike pembeni. Askari wake waliobaki minarani achana nao. Khalifa akifa, mambo yake yote yamekwisha. Ila yeye mwenyewe anapigana, kwa hiyo wafike kwake wengi.

Na hifadhi mchezo kabla hujatuma mtumwa wa kwanza. Mimi umeme ulinikatikia wapiga panga tisa wakiwa tayari wamemzunguka.